Nchi Iliyopanda Uji

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tisa ya mwezi wa nne, mwaka wa kumi na mmoja tangu minara isimamishwe, saa tatu na robo asubuhi. Nataja mpaka saa kwa sababu wenyewe wa nchi ile hadi leo wanabishana. Wapo wanaosema yaliharibika siku ghala lilipofunguliwa. Wapo wanaosema ni siku ile bei ya hisa ilipotangazwa mara mbili, asubuhi bei moja na alasiri bei nyingine. Hao hawakuwapo barazani. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa karibu na mlango, kamba begani, nikingoja kulipwa, nikasikia kwa masikio yangu watu waliovaa kanzu safi wakikubaliana kwamba uji ukishanywewa umepandwa.

Njia ya kufika Usikizi sitaisimulia. Anayetaka kwenda atafika, na akifika atajuta. Niseme tu kwamba tulikwenda wawili, mimi na mke wangu Siwatu, tukakaa miaka mitano, na nimerudi peke yangu. Kazi yangu ni kusokota kamba. Nilisoma madarasa matatu, na la tatu sikulimaliza, kwa hiyo msomaji akiona nimeandika vibaya anisamehe. Walioandika vizuri ndio walioniponza.

Usikizi ni nchi ya migongo minane ya milima, imelala sambamba kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde la kutisha. Mji mkuu uko mgongo wa kwanza. Zamani, walinihadithia, kila mtu alijipazia mwenyewe. Mwenye msiba alisimama ukingoni akaita, wa ng'ambo akasikia, naye akamwita wa ng'ambo yake. Ilikuwa bure na ilikuwa fujo. Ndipo akatokea Bwana Mwinyipembe, muuza maziwa, mtu mrefu mwenye kofia pana na kicheko cha kukaribisha watu. Alijenga mnara mmoja, akaweka watu watatu wenye sauti, akaanza kupaza maneno ya watu kwa malipo. Mnara ukawa miwili. Palikuwa na vikundi vingine vya wapazaji, akavinunua kimoja kimoja mpaka vikaisha. Tulipofika sisi, kila mgongo ulikuwa na mnara wake, na minara yote minane ilikuwa mali ya shirika lake, jina lake Koo Refu.

Ukitaka kumwambia ndugu yako wa mgongo wa nane kwamba mama anaumwa, unapeleka maneno yako dirishani, karani anayaandika, mnara wa kwanza unayapaza, mnara wa pili unajibu "Tumepokea," kisha unageuka na kumpazia wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukilipa alfajiri, kabla jua halijapanda sana ndugu yako ameshajua. Ni jambo zuri, siwezi kulikataa. Lakini Bwana Mwinyipembe aliomba sheria, akapewa, kwamba raia haruhusiwi tena kupaza sauti yake mwenyewe kuvuka bonde. Faini mbuzi mmoja. Nilimwona mtu ambaye dume lake la ng'ombe lilitumbukia bondeni, na jirani yake yuko ng'ambo anaonekana kabisa, anapalilia. Yule mtu alikwenda kupanga foleni dirishani ili jirani aitwe. Nikadhani watu wataudhika. Walimsifu kwa ustaarabu.

Siwatu alipata kazi kabla yangu. Mke wangu alikuwa na sauti. Kwetu alikuwa akiniita chakula niko shamba la katani, mto katikati, na nilisikia mpaka kama amekasirika au hakukasirika. Walimjaribu siku moja tu, wakamweka mnara wa kwanza, mjini. Mimi nikapewa kazi ya kamba, kwa maana wapazaji hawashuki mpaka jua lichwe, na chakula chao huvutwa juu kwa makapu: uji wa mtama, asali ya kulainisha koo, maji. Minara minane, wapazaji zaidi ya mia mbili. Kamba zote hizo nilisokota mimi kwa viganja hivi.

Tulilipwa nusu kwa mtama na nusu kwa hisa. Hisa ilikuwa kipande cha ngozi chenye alama ya koo, na maana yake ni kwamba sehemu ya ghala la shirika ni yako. Watu walizipenda kuliko watoto wao. Wakulima walileta mavuno yote kwa Koo Refu wakarudi nyumbani na ngozi. Bei ya hisa ilipazwa kila asubuhi kutoka minarani, na ilipanda kila asubuhi, na watu walipotumiana ujumbe walitumiana kuhusu bei. Siwatu alikuwa akirudi nyumbani amechoka, namuuliza leo umepaza nini, ananiambia: "Bei. Nimepaza bei mara tisini, na mara moja mtu kazaa."

Sasa, mpazaji anakula. Hilo ndilo lililokuwa donda la Koo Refu. Kila mnara ulioongezwa uliongeza vinywa, na Bwana Mwinyipembe alikuwa ameliahidi Baraza kwamba ghala litaongezeka kwa theluthi kila mwaka. Mwaka wa kumi na mmoja ghala likaanza kupungua. Mtu mwingine angesema ukweli, jamani, tumekosea hesabu. Yeye alimwita Karani Mkuu wake, Bwana Faki, kijana mwembamba mwenye kucha safi, na Bwana Faki ndiye aliyesimama barazani Jumatatu ile.

Alizungumza taratibu, kama mtu anayefundisha watoto. Aliwauliza wajumbe mbegu ni nini. Akajibu mwenyewe kwamba mbegu ni nafaka unayoitoa leo ili upate zaidi kesho. Akauliza tena, na uji wa mpazaji ni nini? Ni nafaka tunayoitoa leo ili kesho apaze, na akipaza tunalipwa. Tofauti iko wapi? Basi akaomba kwamba tangu siku ile uji wowote unaoingia kooni mwa mpazaji usiandikwe tena kwenye ukurasa wa vilivyoliwa. Uandikwe kwenye ukurasa wa vilivyopandwa, na mavuno yake yatazamiwe miaka kumi ijayo.

Wajumbe waliitikia kwa vichwa polepole, ile namna ya mtu asiyeelewa na hataki ajulikane. Akasimama mama mmoja mkulima, mjumbe wa mgongo wa tano, wakimwita Bi Time, miguu yake ina tope mpaka kwenye kifundo.

"Uji uliokwisha nywewa unaota wapi, mwanangu?"

"Kooni, mama," akasema Bwana Faki.

"Na palizi utaingiza jembe mdomoni?"

Watu walicheka, na Bwana Mwinyipembe alicheka kuwazidi wote, akaagiza Bi Time aletewe chai na mkate wa mayai. Chai ikaja. Sina shaka nayo iliandikwa imepandwa.

Kisha aliulizwa Mkaguzi wa Nchi, Mzee Haidari, ambaye kazi yake kisheria ni kuhakikisha shirika halidanganyi watu. Mzee huyu aliishi nyumba ya Koo Refu, na punda wake alikuwa wa Koo Refu. Ukaguzi wa Usikizi hufanywa kwa mizani. Daftari la mwaka linawekwa upande mmoja, mawe upande wa pili, na daftari likiwa zito kuliko la mwaka uliopita shirika lina afya. Mzee Haidari aliuliza jambo moja tu, kama kurasa za kupandwa zitahitaji daftari nene zaidi. Akaambiwa ndiyo, nene sana. Akasema basi haoni tatizo.

Mikono ikanyooshwa. Wangu haukuhesabiwa, mimi ni mgeni, lakini niliunyoosha. Nilitaka kulipwa niende zangu.

Kilichofuata hakuna aliyekifikiria, au walikifikiria wachache wakanyamaza. Usikizi wana mwiko wa zamani wa wakulima: mbegu iliyopandwa haichunguliwi. Anayefukua kuangalia kama imeota hufungwa, kwa kuwa huitia mbegu baridi. Sasa kwa kuwa ghala la Koo Refu limeanza kuhesabiwa kuwa ni shamba, mwiko ukalishika na lenyewe. Wiki ile ile likazungushiwa ua wa miti, askari wawili mlangoni, na ikatangazwa kwamba hakuna mtu kuingia mpaka msimu wa mavuno, yaani miaka kumi.

Nilimsimulia Siwatu nyumbani. Alikuwa anakoroga asali kwenye maji ya moto.

"Leo nimekunywa bakuli mbili," akasema. "Kwa hiyo wameandika nini?"

"Wameandika umepanda."

"Basi usinishike tumbo, utanitia baridi."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa raha kuliko yote. Kila bakuli lililoliwa liliongeza mali. Wapazaji wakila sana, shirika linatajirika sana. Daftari lilibebwa na watu wanne kwenda kwenye mizani, na mawe yaliletwa kutoka mtoni kwa sababu ya mjini hayakutosha. Hisa ikapanda mpaka mtu mwenye ngozi tatu aliamkiwa shikamoo na wazee. Bwana Mwinyipembe akajengewa sanamu ameshika ndoo ya maziwa, kuonyesha alikotoka.

Mimi niliona kitu. Nakiri, kwa kuwa wao hawakukiri chochote. Kamba inayovuta kapu zito kila siku hulika, mwezi wa tatu au wa nne nyuzi zinaanza kusimama kama nywele. Wachukuzi walikuwa wakiniletea kamba zilizolika kutoka minara yote, nibadilishe. Ghafla zikawa zinakuja za mnara wa kwanza na wa pili peke yake. Kutoka mnara wa tatu mpaka wa nane, hakuna hata moja. Nilikwenda kwa Bwana Faki kumuuliza. Akaniambia ustadi wangu umeongezeka, kamba zangu haziliki tena, akanipa cheti chenye maneno Fundi Bora wa Mwaka. Nikakitundika ukutani. Siku hizi nikikikumbuka najiuma ulimi.

Siwatu naye aliona chake. Aliniambia, "Mnara wa pili siku hizi wananijibu kabla sijamaliza." Tukadhani ni uchapakazi.

Ijumaa moja asubuhi, mwezi wa sita wa mwaka wa kumi na mbili, alishindwa kupanda ngazi za mnara. Tumbo, upande wa kulia, chini. Alijikunja kitandani jasho linamtoka, na ukimgusa pale anashika mkono wako na kuusukuma bila kusema. Jirani aliyewahi kuona ugonjwa huo alisema huo hauna mizizi wala majani, huo unakatwa, na anayejua kukata ni mmoja tu nchi nzima, Daktari Subeti wa mgongo wa nane. Ameshakata watu wengi, na wapo, wanalima.

Kwenda mgongo wa nane kwa miguu ni kutwa nzima, kama una miguu. Mimi nilikuwa nayo. Lakini Koo Refu lingemfikishia habari kabla ya saa nne, na yeye ana nyumbu anayejua njia. Nikaenda dirishani.

Karani wa dirisha alikuwa Bi Mize, mwanamke mpole, tukifahamiana miaka yote, mwanawe aliwahi kupewa uzi na Siwatu wa kuchezea. Nikamwambia maneno: Siwatu wa mnara wa kwanza anaumwa tumbo upande wa kulia, daktari aje kwa haraka. Akaandika. Nikalipa. Kisha, sijui kitu gani kilinisukuma, labda zile kamba, nikainama dirishani.

"Bi Mize, kama njia ina matatizo niambie. Naanza kutembea sasa hivi, jioni niko kwake."

Alisimama akaingia chumba cha ndani kwa Bwana Faki. Alikaa humo muda wa kutosha mtu kula chakula chake akamaliza. Nilisikia mnara wa kwanza ukipaza maneno yangu, nikasikia mnara wa pili ukijibu. Alipotoka alikuwa ameshika karatasi yangu ina muhuri mwekundu, UMEFIKA, na aliitazama hiyo karatasi, mimi hakunitazama.

"Umefika, fundi. Daktari amejibu yuko njiani. Rudi ukakae na mgonjwa, asije akaamka akakukosa."

Nikamshukuru. Nikamwombea dua kwa Mungu, pale pale dirishani.

Nyumbani Siwatu alikuwa amesikia ujumbe wake mwenyewe ukipita juu ya paa. "Huyo mwenzangu anakata pumzi mapema," akasema. "Maneno ya mwisho hayabebi." Nikamwambia yamebeba, yamefika, nikamwonyesha muhuri. Akalala kidogo.

Jumamosi daktari hakuja. Nikarudi dirishani, nikaambiwa amechelewa bonde la tano, kuna maji. Jumapili nikarudi tena, nikaambiwa yuko mgongo wa pili anampumzisha nyumbu. Angalia jinsi walivyojali. Walimtungia mtu mpaka nyumbu aliyechoka. Nilitoka nje nikasimama ukingoni, mkono juu ya macho, natazama njia ya mgongo wa pili. Niliporudi ndani tumbo la mke wangu lilikuwa gumu kama ubao.

"Umemwona?" akaniuliza.

"Nimeona vumbi lake."

Na mimi nikasema uongo. Niliuona mdogo wakati ule.

Jumatatu, saa tano asubuhi, maumivu yalimwacha ghafla, nikafurahi, mjinga mimi. Uso wake ukawa mwepesi. Akaniambia kwa sauti ndogo, yeye ambaye hakuwahi kuwa na sauti ndogo, "Nenda ukampokee daktari, asipotee njia." Nilifika mlangoni. Nilipogeuka kumwambia kitu, sikumbuki kitu gani, alikuwa ameshakwisha.

Tulimzika siku ile ile. Jumanne alfajiri nilichukua fimbo nikaenda mgongo wa nane. Sikwenda kupeleka habari. Nilikwenda kumpiga Daktari Subeti.

Mnara wa pili ulikuwa na wapazaji kumi na wawili, wanene, wamegeuza benchi lao limeelekea mjini. Niliwauliza kama walimpazia wa tatu siku ya Ijumaa. Wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Sisi kazi yetu kupokea, mzee. Tunalishwa kwa kupokea." Nikapita.

Mnara wa tatu haukuwa na mtu. Kamba yangu ilikuwa inaning'inia, mpya, na lile fundo la mwisho ninalolifunga mwenyewe halijafunguliwa. Chini ya mnara palikuwa na kapu limejaa vipande vya karatasi, kila kimoja kimeandikwa: Bakuli moja la uji, kulipwa wakati wa mavuno. Mnara wa nne hivyo hivyo. Wa tano, mbuzi walikuwa wamelala kivulini. Watu wa mgongo wa tano waliniambia wapazaji wao walikula karatasi hizo miezi miwili, maana yake walizipokea na kuendelea kupaza, kwa kuwa wote walikuwa na hisa na hawakutaka bei ishuke kwa sababu yao. Kisha mmoja alianguka kutoka juu. Waliobaki wakashuka wenyewe. Mjini hawakujua kitu, kwa sababu mnara wa kwanza na wa pili ililishwa uji wa kweli, na mtu wa mjini akisikia kelele mbili juu ya kichwa chake anaamini nchi nzima inazungumza.

Nilimkuta Daktari Subeti jioni ile, mzee mfupi, amekaa kibarazani anachambua maharage na mkewe. Aliitazama fimbo.

"Umekuja kunipiga?"

Nikasema ndiyo.

"Kaa kwanza, umetoka mbali."

Nikakaa. Nikamweleza. Akaniambia ana siku arobaini hajaitwa na mtu wa mgongo wa kwanza wala wa pili wala wa tatu. "Nikadhani mmepona," akasema. Aliniuliza maumivu yalianza siku gani, nikamwambia Ijumaa. Aliniuliza yalimwacha ghafla lini, nikamwambia Jumatatu. Alihesabu kwa vidole, akaacha katikati, akarudisha mkono kwenye maharage. Mkewe ndiye aliyelia.

Tulirudi naye mjini, na kila mgongo tuliopita watu walitoka kuuliza, na kila mtu alikuwa na lake. Huyu alituma habari ya arusi wapazaji wa kwao wakiwa bado juu, na hakuja mtu, akawanunia ndugu zake. Yule alimwita mwanawe mara sita, mwana kimya, akamlaani. Walipoelewa walitufuata. Bi Time alitufuata na panga. Tulipofika ua wa ghala tulikuwa watu wengi mno kwa askari wawili, nao askari walikuwa hawajalipwa. Bi Time ndiye aliyekata kamba za ua. Zilikuwa zangu, nikamwonyesha pa kukata.

Ndani palikuwa peupe. Pamefagiwa vizuri, nafikiri kila siku. Hapakuwa na mtama hata wa kulisha njiwa. Palikuwa na vibao, mamia, vimechomekwa ardhini kwa mistari iliyonyooka: Pishi elfu tatu, zimepandwa mwezi wa tano. Pishi elfu nne na mia sita, zimepandwa mwezi wa saba. Mtu mmoja alipiga magoti mbele ya kibao akaanza kufukua kwa mikono, na hakuna aliyemkataza.

Asubuhi yake mpazaji wa mnara wa kwanza alipanda kutangaza bei ya hisa. Alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akashuka. Ndivyo Koo Refu lilivyokwisha. Watu walitumia zile ngozi kuzibia matundu ya viatu.

Tume ya uchunguzi ilikaa miezi mitatu, na wajumbe wake walikuwa wale wale walionyoosha mikono. Bwana Mwinyipembe alisema yeye ni muuza maziwa tu, mambo ya vitabu hayajui, akalia, akajifuta kwa ile kofia pana, na wengine wakalia naye. Bwana Faki alisema alitekeleza uamuzi wa Baraza, na akaueleza vizuri sana, tena kwa mifano, hata mwenyekiti akampongeza. Mzee Haidari alisema daftari lilikuwa zito, na mizani ipo, anayebisha akapime. Ikaamuliwa kwamba mbegu zilipandwa kwa nia njema lakini makoo ya wapazaji hayakuwa na rutuba. Mwinyipembe alifungwa katika nyumba yake ya shamba. Faki alipunguziwa adhabu kwa kusaidia Tume kuelewa. Siku ya mwisho likatangazwa shirika jipya, Koo Jipya, litakalochukua minara yote minane, na daftari lake litapimwa na Mzee Haidari kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye dai. Watu walidai mtama, wakaambiwa waandike. Zamu yangu ilipofika nikasema sina dai, nina swali. Bi Mize alikuwa amekaa benchi la mashahidi, Bwana Faki yuko kando yake, Mwinyipembe mbele yao. Niliwauliza wote pamoja. Bi Mize aliinama. Faki akamtazama Mwinyipembe, Mwinyipembe akamtazama wakili wake. Karani wa Tume aliuliza aandike chini ya kichwa gani, mwenyekiti akamwambia aandike "Maoni ya mgeni," akaniahidi kwamba litapelekwa panapohusika, akafunga kikao.

Imepita miaka mitatu. Nimewaandikia mara nne, kwa barua, kwa mkono wa mtu anayetembea. Sijajibiwa. Sitaki mtama wao, wala sitaki mtu afungwe zaidi, Siwatu hatarudi kwa mtu kufungwa. Naliandika hapa kama nilivyolisema siku ile, pengine atalisoma mtu mwenye mamlaka kuliko mimi awaulize kwa niaba yangu. Ijumaa ile asubuhi, nimesimama dirishani na miguu yangu mizima, nimewaambia niko tayari kuanza, na ninyi mnajua kwamba baada ya mnara wa pili hakuna mtu: kwa nini hamkuniambia nitembee?